Nahesabu Vitabu, Lakini Sisomi Tena

Shikamoo, Mshauri.

Mimi ni mhasibu, na kwa muda mrefu kazi yangu imenifundisha kuamini kwamba jambo lisiloandikwa halijafanyika. Mwanzoni mwa mwaka huu niliamua kurudi kwenye usomaji wa vitabu, mapenzi niliyokuwa nayo tangu utotoni na ambayo ajira, malezi na simu vilinipokonya taratibu bila mimi mwenyewe kutambua. Rafiki yangu wa siku nyingi alinishawishi tushindane kupitia programu ya simu: kila mmoja wetu ajiwekee lengo la vitabu 52 kwa mwaka, yaani kitabu kimoja kila wiki, na kila anapomaliza kitabu akiandikishe ili mwenzake akione.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Programu ilinionyesha asilimia ya lengo niliyokwisha kuifikia, ikanihesabia siku nilizosoma mfululizo, na ikaniarifu kama nilikuwa mbele au nyuma ya ratiba. Baadaye nikaanza kujiona ninafanya mambo nisiyoyaelewa. Kabla ya kusoma maelezo yaliyo kwenye jalada la nyuma, nilifungua kwanza ukurasa wa mwisho nione una namba gani. Nilianza riwaya moja nene, ya kurasa zaidi ya mia saba, ambayo ilinishika kiasi kwamba niliwawaza wahusika wake nikiwa kazini, lakini nikaiweka kando baada ya kupiga hesabu na kuona kwamba muda wake ungetosha kumaliza vitabu vitatu vya kawaida. Kwa upande mwingine, kitabu cha historia kilichonichosha tangu sura ya pili nilijilazimisha kukifikisha mwisho, kwa kuwa bila kukimaliza nisingeweza kukiandikisha, na kurasa nilizokwisha kuzisoma zingepotea bure. Ukiniuliza leo kitabu hicho kilisema nini, sina jibu.

Kisha mwanangu akaugua. Usiku mmoja sikufungua kitabu kabisa, na asubuhi nikakuta hesabu ya siku za mfululizo imerudi kwenye sifuri. Tangu hapo nguvu zimeniishia. Hujilaza kitandani na kitabu mkononi, simu ikiwa kando ya mto, na kabla sijamaliza kurasa mbili ama ninajibu ujumbe ama nimekwisha kusinzia. Rafiki yangu bado anaendelea, na kila tunapowasiliana huniuliza nimefika kitabu cha ngapi, swali ambalo sasa ninalikwepa.

Mume wangu ananiambia nisome tu na kuacha kuhesabu. Nimejaribu, lakini nisipokuwa na lengo wiki hupita bila kitabu kufunguliwa. Naomba unisaidie: je, niifute programu, nipunguze lengo, au nikubali kwamba umri wa kusoma vitabu umenipita?

Wako,
Msomaji Aliyebaki Nyuma ya Ratiba

*

Marahaba, dada yangu.

Pole kwa ugonjwa wa mtoto, natumaini amepona. Swali lako la mwisho naliweka pembeni mara moja, kwa sababu mtu anayewawaza wahusika wa riwaya akiwa kazini hajapitwa na umri wowote wa kusoma. Lililobaki ni suala la hesabu, na hilo nadhani utalielewa haraka kuliko wasomaji wengi wanaoniandikia.

Programu yako ilikuwa na swali moja tu, nalo ni umemaliza vitabu vingapi, na wewe ulilijibu kwa njia iliyokuwa rahisi kuliko zote: ulichagua vitabu vyembamba, ukaiacha riwaya nene, ukakikokota kitabu kilichokuchosha hadi ukurasa wa mwisho. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivyo kinachoonyesha udhaifu wa tabia. Mwaka 1975 mwanauchumi Charles Goodhart, aliyekuwa mshauri katika Benki Kuu ya Uingereza, alieleza jambo la namna hii alipozungumzia sera za fedha, na tangu wakati huo wengi wameipanua hoja yake kwa kusema kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa lengo huacha kuwa kipimo kizuri, kwa maana watu hujifunza kukiridhisha kipimo chenyewe na kulisahau jambo ambalo kilikusudiwa kulipima. Idadi ya vitabu vilivyomalizwa ni kipimo cha aina hiyo hasa, kwa sababu kitabu si kiasi maalumu: kimoja kina kurasa tisini, kingine kina mia tisa, kimoja kinasomeka kwenye foleni na kingine kinadai utulivu na kurudia sentensi.

Tulitazame sasa lile lengo la 52. Tukichukua kitabu cha wastani kuwa na kurasa 300, vitabu 52 ni kurasa 15,600 kwa mwaka, yaani karibu kurasa 43 kila siku, pamoja na siku ya homa, siku ya safari na siku ya kufunga mahesabu ya mwaka. Mtafiti Marc Brysbaert alikusanya mwaka 2019 matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kasi ya kusoma kimyakimya kwa Kiingereza, akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya kubuni na kasi kubwa kidogo katika hadithi. Kasi ya lugha moja haihamishiki moja kwa moja kwenda lugha nyingine, hasa kwa Kiswahili ambacho neno moja hubeba mzigo ambao kwingine hugawanywa kwa maneno matatu au manne, lakini kama kadirio la kuanzia inatufaa. Ukurasa ukiwa na maneno 300, kurasa 43 zinahitaji takriban dakika 54 kwa siku, bila siku hata moja ya mapumziko. Ulikubali mkataba wa karibu saa nzima kila siku pasipo kuusoma, kwa kuwa uliandikwa kwa lugha ya vitabu na haukuandikwa kwa lugha ya dakika.

Igeuze hesabu hiyo uone inavyokuwa. Dakika 20 kwa siku, kwa kasi hiyohiyo, ni karibu kurasa 16, na ukisoma siku 5 kati ya 7 utapata siku 260 kwa mwaka, yaani zaidi ya kurasa 4,000, au vitabu 13 hadi 14 vya kurasa 300. Mtu aliyekaa miaka bila kusoma na akafikia kiasi hicho amefanya kazi kubwa. Usizichukue namba hizi kama zako, hata hivyo. Kwa vikao vitatu soma dakika 20 ukizipima kwa saa, ukitumia vitabu vya aina tofauti, uandike umepita kurasa ngapi, na hapo utakuwa na kasi yako mwenyewe, ambayo ndiyo pekee inayostahili kuingia kwenye mpango wako.

Mumeo amepatia kuona kwamba hesabu imekuharibia raha, na utafiti unamuunga mkono kwa kiasi. Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke alichapisha mwaka 2016 majaribio kadhaa, mojawapo likihusu kusoma, yaliyoonyesha kwamba watu wanaopimiwa jambo la kufurahisha hulifanya kwa wingi zaidi lakini hulifurahia kidogo zaidi, na baadaye hamu ya kuliendeleza hupungua. Lakini nawe umepatia kuona kwamba bila lengo wiki hupita. Mwaka huohuo Benjamin Harkin na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti 138 kuhusu ufuatiliaji wa malengo, na wakaona kwamba wanaofuatilia maendeleo yao hufikia malengo zaidi ya wasiofuatilia, hasa pale wanapoyaandika. Mambo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Kuandika kunasaidia, na kuandika kunaweza kuchosha, kwa hiyo swali la kujiuliza ni kitu gani kiandikwe ili kupanda kwa namba kusikushawishi kusoma vibaya.

Ushauri wangu ni kwamba uhesabu vikao na kuacha kabisa kuhesabu vitabu kama lengo. Kikao kiwe dakika 20 za kitabu, na lengo liwe vikao 5 kwa wiki. Mbele ya lengo la namna hii kitabu chembamba hakina faida yoyote juu ya kitabu kinene, kwa kuwa dakika 20 za riwaya ya kurasa mia saba zina thamani ileile na dakika 20 za kijitabu. Riwaya uliyoiacha ichukue leo, uanzie pale ulipoishia, au urudi nyuma sura moja kama umesahau nani alimfanyia nani nini. Ikikuchukua miezi mitatu, utakuwa na miezi mitatu ya kusoma kitu unachokipenda, na vikao vyote vitakuwa vimeandikwa.

Nimesema vikao 5 kwa wiki kwa makusudi, kwa sababu hesabu ya siku za mfululizo ndiyo sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote katika programu hizi. Imeundwa ili kumrudisha mtu kwenye programu kila siku, na kwa muda inafaulu, lakini adhabu yake hailingani na kosa: mtoto anaugua usiku mmoja, na kazi ya miezi inaonyeshwa kama sifuri. Watafiti wa ulaji, hasa Janet Polivy na Peter Herman, walieleza zamani jinsi mtu aliyejiwekea sharti kali la chakula, akilivunja kidogo tu, hujiambia kwamba siku imekwisha kuharibika na kula bila kipimo. Naona jambo lilelile katika barua yako. Wewe kama mhasibu hungepitisha bajeti isiyo na fungu la dharura, basi usiipitishe na hii: zile siku 2 za wiki zisizo na kikao ndilo fungu lenyewe, na ukizitumia hujavunja chochote.

Kuhusu muda ambao mazoea huchukua kujijenga, utasikia watu wakisema siku 21. Chanzo cha namba hiyo ni daktari wa upasuaji Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku hizo kuizoea sura yao mpya, na hilo halikuwa jaribio kuhusu mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London (UCL) waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia tabia ndogo ya kula, kunywa au mazoezi, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 ilionekana kwamba tabia ilianza kujiendesha yenyewe baada ya siku 66 kwa wastani wa kati, huku tofauti baina ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi siku 254. Kukosa nafasi moja hakukuathiri mchakato kwa kiasi cha maana. Hawakupima usomaji wa vitabu, ambao naamini ni mgumu zaidi kuliko kunywa glasi ya maji, kwa hiyo usishangae kama mwezi wa pili bado unajisukuma.

Mahali na wakati vinahitaji uamuzi wa wazi. Kitandani, ukiwa umechoka na simu ikiwa kando ya mto, hata riwaya nzuri kuliko zote itashindwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mpango wenye umbo la «ikitokea hivi, nitafanya hivi» hutekelezwa mara nyingi zaidi kuliko nia ya jumla. Tafuta tukio ambalo tayari hutokea karibu kila siku, kama vile mwisho wa chakula cha mchana kazini au wakati mtoto anapoanza kazi za shule, ukalifunge na kikao: nikishamaliza kula, nitafungua kitabu kabla ya kugusa simu. Simu ibaki kwenye begi au chumba kingine, na kama unahitaji kipima muda tumia saa ya kawaida. Kitandani endelea kusoma ukitaka, lakini kurasa hizo ziwe za ziada zisizoingia kwenye hesabu.

Daftari la kumbukumbu liwe dogo na la karatasi. Kila kikao kina mstari mmoja: tarehe, jina la kitabu, ukurasa ulioanzia na ulioishia. Inatosha. Wapo wanaoongeza rangi, nyota, michoro na majedwali hadi daftari lenyewe linahitaji muda mrefu kuliko kitabu. Waache wafurahi, ila wewe unayeshinda na majedwali ofisini nadhani ungependa kupumzika. Nyongeza moja tu ndiyo ninayoisisitiza. Mara moja kwa wiki, funga kitabu na uandike sentensi mbili au tatu za unachokikumbuka, bila kuchungulia. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka kifungu walichokisoma walikikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa dakika chache baada ya kusoma waliokirudia ndio walioonekana kufanya vizuri. Kitabu chako cha historia kilipotea kwa sababu ulikuwa unakikimbiza, na sentensi hizo za mwisho wa wiki zitakuonyesha mapema kitabu unachokipitia macho tu.

Ukigundua kwamba unakipitia macho tu, kiache. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Marekani, huwashauri wasomaji wakipe kitabu kurasa 50 kabla ya kuamua, na waliovuka umri wa miaka 50 watoe umri wao kwenye 100, wakipe kitabu kurasa zinazobaki. Kwa kanuni hiyo mtu wa miaka 70 anadaiwa kurasa 30 tu. Napenda kanuni hiyo kwa kuwa inakubali kwamba muda wa msomaji una mwisho. Katika daftari lako andika «nimeacha, ukurasa wa 64», pamoja na sababu kwa maneno machache. Kurasa zile hazikupotea, kwani vikao vyake vimekwisha kuandikwa, na baada ya vitabu vitano au sita ulivyoviacha utaanza kuona aina ya vitabu vinavyokufanya ukunje uso kila unapoviona. Ukikutana na kitabu cha namna hiyo tena utakirudisha rafuni mapema. Kwa kitabu unacholazimika kukisoma kwa ajili ya kazi, kanuni hii bila shaka haikuhusu.

Vitabu vya kusikiliza, kama utapenda kuvitumia ukiwa njiani, vihesabu kwa dakika zilezile 20, ukiandika sura badala ya ukurasa. Mabishano kuhusu kama kusikiliza ni kusoma hayana nafasi katika daftari lako.

Kuhusu rafiki yako, usimkwepe. Mwambie kwamba umetoka kwenye shindano la idadi, na umwombe abadilishe swali: badala ya kukuuliza umefika kitabu cha ngapi, akuulize unasoma nini na umefikia wapi. Ule utafiti wa Harkin ulionyesha pia kwamba ufuatiliaji huwa na nguvu zaidi mtu anapomweleza mwingine alikofikia, kwa hiyo kuwa naye ni faida. Kama naye ni msomaji kweli, atafurahi kusikia habari za riwaya yako nene kuliko kuona namba ikipanda. Akiona umejisalimisha na kukutania, vumilia. Utani huo haudumu.

Usijaribu kulipa vitabu vya nyuma. Deni la miezi iliyopita lifute lote, kwa sababu mtu anayekimbizana na deni la kurasa atarudi kuchagua vijitabu. Anza Jumatatu ijayo au tarehe mosi ya mwezi. Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walichapisha mwaka 2014 uchunguzi ulioonyesha kwamba watu huelekea zaidi kuanza kushughulikia malengo yao mwanzoni mwa wiki, mwezi au mwaka, na hakuna ubaya kuitumia tabia hiyo ya binadamu kwa manufaa yako. Kwa wiki 4 za kwanza usibadilishe chochote. Zikiisha, hesabu wiki ambazo ulifikisha vikao 5. Zikiwa 3 au 4, baki na dakika 20 zilezile kwa wiki 4 nyingine, hata kama unajisikia kuongeza, kwa sababu kishawishi cha kupandisha lengo mara tu linapofikiwa ndicho kilichowatoa wengi njiani. Zikiwa 1 au 2, punguza kikao kiwe dakika 10 na ubadilishe tukio ulilokifungia, kwa kuwa mara nyingi tatizo huwa ni saa iliyochaguliwa. Isipopatikana hata moja, niandikie tena, unieleze siku yako tangu asubuhi hadi usiku.

Programu huna haja ya kuifuta. Zima lengo la mwaka, zima hesabu ya mfululizo ikiwa inazimika, zima na arifa zake zote, kisha itumie kama orodha ya vitabu ulivyosoma na unavyotaka kusoma, kazi ambayo inaifanya vizuri. Mwezi Januari itakuuliza tena unakusudia kusoma vitabu vingapi kwa mwaka, na sehemu hiyo unaweza kuiacha wazi.

Mshauri